Nimeitwa kwenye juri Marekani: nitegemee nini mahakamani?

*Swali: Shikamoo wakili. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimelelewa madrasa, na mwaka jana nilikula kiapo cha uraia wa Marekani. Naishi Houston, Texas, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 6 na mwingine wa miaka 9. Nimepokea samansi ya kwenda mahakamani kuwa mjumbe wa juri, lile jopo la raia wa kawaida wanaokaa kusikiliza kesi, na mara tu baada yake mume wangu naye akapata ya kwake, ingawa yeye bado ana grini kadi. Nimekosa usingizi. Kiingereza changu ni cha kazini, cha kisheria sikielewi. Naogopa kumfunga mtu asiye na hatia, naogopa jamaa zake wasije wakanifuata nyumbani, na moyoni naamini hukumu ni ya Mwenyezi Mungu. Bosi wangu amenuna. Rafiki yangu ananishauri nijibu kwamba mimi si raia ili yaishe. Nikienda nitakutana na nini? Na je, mwenye uamuzi si jaji, sisi tukitoa maoni tu kama wazee wa baraza wa kwetu?*

Marahaba, binti yangu. Maswali yako ni mengi, lakini nikiyapanga naona yote yanarudi kwenye hofu moja: kwamba unaitwa kuamua maisha ya mtu usiyemjua, kwa lugha ambayo si yako, na kwamba ukikosea dhambi itakuwa shingoni mwako. Nitaifikia hofu hiyo, tena sitaipitia juujuu. Kwanza, hata hivyo, ni lazima niseme juu ya ushauri wa rafiki yako, kwa sababu ushauri huo unaweza kukuharibia mambo kuliko kesi yoyote utakayosikiliza.

Usijibu kwamba wewe si raia. Katika Texas majina ya wanaoitwa hutolewa kwenye daftari la wapiga kura na kwenye orodha ya wenye leseni za udereva na vitambulisho vya jimbo. Anayejibu kwamba si raia jina lake haliishii kwenye faili la karani; sheria inataka orodha ya watu hao ipelekwe kwa msajili wa wapiga kura na kwa Katibu wa Jimbo. Ukidanganya, utakuwa umejitia mwenyewe kwenye uchunguzi juu ya uraia ulioupata juzi tu. Kwa mume wako mambo ni kinyume kabisa: yeye anapaswa kujibu, kwa ukweli, kwamba si raia, airudishe fomu hiyo kwa njia iliyoelekezwa kwenye samansi, na abaki na nakala. Kuitwa kwake si kosa lake, kwani mwenye grini kadi anaruhusiwa kuwa na leseni na jina lake hutokea humo. Lakini akithibitisha kwa maandishi kwamba ni raia, hata kwa kutosoma vizuri, atakuwa amegusa jambo ambalo sheria ya uhamiaji ya Marekani inalichukulia kwa ukali mkubwa, linaloweza kumfanya mtu aondolewe nchini bila nafasi ya kutosha ya kujitetea. Ikiwa ameshaituma fomu akiwa ameweka alama mahali pasipo pake, au amewahi kujiandikisha kupiga kura, asilirekebishe jambo hilo peke yake wala kwa ushauri wa jamaa. Aende ana kwa ana kwa wakili wa uhamiaji kabla hajaomba chochote kingine.

Sasa wewe. Kutokwenda bila taarifa kunaweza kukugharimu faini ya dola 100 hadi 1,000. Lakini Texas inawapa watu wa aina fulani haki ya kuomba kuondolewa, na mmoja wao ni mzazi au mlezi wa mtoto wa chini ya miaka 12 ambaye kutumika kwake mahakamani kutamwacha mtoto bila uangalizi wa kutosha. Soma sharti hilo lote: si kuwa na mtoto tu, ni mtoto kukosa wa kumwangalia. Kama mume wako au mtu mwingine yupo, haki hiyo huna, na kusema unayo ni uongo uleule kwa sura nyingine. Unaweza pia kuomba tarehe isogezwe, na kwa kawaida ombi la kwanza hukubaliwa bila shida. Bosi wako, akinuna anune, lakini haruhusiwi kukufukuza wala kukutisha kwa sababu umeitikia wito huo. Halazimiki kukulipa kwa siku hizo kama ni mwajiri binafsi, na hapo ndipo penye maumivu ya kweli, kwa sababu mahakama inalipa dola 20 kwa siku ya kwanza na dola 58 kwa kila siku inayofuata, kiasi ambacho hakifikii ujira wa watu wengi. Mpelekee nakala ya samansi mapema, na ukimaliza mwombe karani cheti cha kuhudhuria. Na mtu yeyote akikupigia simu kusema kwamba ulikosa kufika na unatakiwa kulipa papo hapo, kata simu. Huo ni utapeli unaowanasa sana wageni. Mahakama haidai faini kwa simu.

Tuingie mahakamani, na tuanze na wazee wa baraza, maana kufananisha huko kumewapotosha wengi wetu. Wazee wa baraza waliokaa na majaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania walikuwa wakisikiliza ushahidi kisha wakatoa maoni yao, na jaji hakufungwa nayo. Kenya iliwaondoa kabisa mwaka 2007. Juri ya Marekani ni chombo tofauti. Jaji anasimamia sheria: nani aseme lini, ushahidi gani uingie, maelekezo gani mpewe. Lakini swali la kama mshtakiwa alitenda kosa analoshtakiwa ni lenu peke yenu. Mkisema hana hatia, jaji hawezi kuligeuza neno lenu, wala mwendesha mashtaka hawezi kukata rufaa dhidi yake. Mkisema ana hatia, njia bado iko wazi: jaji anaweza kuamuru kesi isikilizwe upya kwa sababu za kisheria, na mshtakiwa anaweza kukata rufaa. Naomba uiweke hiyo akilini tutakapozungumzia hofu ya kumfunga asiye na hatia.

Siku ya kwanza ina kungoja kuliko kitu kingine chochote. Utapita kwenye ukaguzi wa usalama, utaketi kwenye ukumbi pamoja na mamia ya watu, na huenda ukaambiwa urudi nyumbani bila kuitwa popote, kwa sababu kesi nyingi za jinai humalizika kwa mshtakiwa kukiri kwa makubaliano, na baadhi ya makubaliano hayo hufikiwa asubuhi ileile ambayo juri ilikuwa ichaguliwe. Ukiitwa, utaingia chumba cha mahakama ukiwa katika kundi kubwa, na kila mmoja atapewa namba. Namba hiyo ina uzito. Katika kesi ya kosa kubwa lisilo la adhabu ya kifo, juri ni watu 12, na kila upande una nafasi 10 za kumkataa mtu bila kueleza sababu. Ukijumlisha 12, 10 na 10 unapata 32. Kwa hiyo, baada ya kuondolewa wale ambao jaji ameridhika kwamba hawafai, mawakili wanapambana juu ya watu 32 wa mbele, na 12 wa kwanza wasiokatwa ndio juri. Aliyepewa namba ya 60 kwa kawaida atarudi nyumbani, na wa namba ya 8 ajiandae. Katika makosa madogo yanayosikilizwa na mahakama za kaunti, juri ni watu 6 tu.

Kabla ya kukatwa huko yapo maswali, na hapa ndipo utakaposhika hatima yako mwenyewe. Mawakili watauliza kama umewahi kuibiwa, kama una ndugu polisi, kama utamwamini askari kuliko raia wa kawaida, kama unaweza kuzingatia adhabu ya chini na ya juu inayoruhusiwa. Hayo si mashtaka dhidi yako, wala si mtihani wa kufaulu. Wanatafuta kujua kama kuna jambo maishani mwako litakalokufanya uegemee upande mmoja kabla ya kusikia lolote. Jibu ukweli kwa sauti, na kama jambo ni la aibu au la siri, sema unaomba kuzungumza na jaji faraghani. Hakuna jibu baya pale isipokuwa la uongo. Imani yako kwamba hukumu ni ya Mungu iseme ilivyo. Ikiwa maana yake ni kwamba huwezi kabisa kutamka kuwa mtu ana hatia hata ushahidi ukiwa wazi, jaji ana haki ya kujua na huenda akakuruhusu uende. Ikiwa maana yake ni kwamba utaogopa kukurupuka, basi, kwa maoni yangu, wewe ndiye mtu ambaye mshtakiwa yeyote angependa akae pale. Na kama dini yako inakuzuia kuapa, unaweza kutoa uthibitisho badala ya kiapo. Mahakama ya Juu ya nchi hii ilikwisha kataza, mwaka 1986 katika kesi ya Batson dhidi ya jimbo la Kentucky, mtu kukatwa kwenye juri kwa sababu ya rangi yake, na mwaka 1994 ikakataza kwa sababu ya jinsia.

Kuhusu Kiingereza, nakusihi usijidharau wala usijikweze. Lafudhi si kosa, na hakuna anayetarajia mjumbe wa juri ajue msamiati wa mawakili. Jaji atawaeleza maana ya kisheria kwa maandishi. Kinachotakiwa ni uweze kumfuata shahidi anapozungumza kwa kasi ya kawaida, na uweze kusoma hati. Njia rahisi ya kujipima ni kwenda kukaa kwenye viti vya wasikilizaji wa kesi yoyote siku moja kabla ya tarehe yako, kwa kuwa mahakama ziko wazi kwa umma. Ukiona nusu ya maneno inakupita, mwambie jaji hivyo wakati wa maswali, tena mapema. Mjumbe wa juri hapewi mkalimani Texas; New Mexico ndiko katiba ya jimbo inakomlinda raia asiyejua Kiingereza asiondolewe kwa sababu hiyo. Kukaa kimya kwa haya, kisha ukapiga kura juu ya maneno ambayo hukuyaelewa, ndiyo dhuluma ambayo ningekuhofia.

Ukichaguliwa utakula kiapo, na kesi itaanza kwa kusomwa mashtaka. Mwendesha mashtaka hutoa maelezo ya ufunguzi, na wakili wa utetezi naye anaweza kutoa yake. Hayo ni ahadi za kile wanachotarajia kuthibitisha, si ushahidi. Kisha wanaitwa mashahidi, wakihojiwa na upande uliowaita na kudodoswa na upande wa pili. Utasikia pingamizi nyingi. Jaji akilikubali pingamizi, swali hilo limekufa, na jibu lililoponyoka mtaambiwa mlisahau. Akilikataa, shahidi anaendelea. Mara kwa mara mtatolewa nje wakati mawakili wanabishana juu ya sheria, na wengi hudhani kuna kitu wanafichwa. Ni kweli mnafichwa, na ni kwa makusudi, kwa sababu ushahidi uliopatikana isivyo halali haupaswi kufika masikioni mwenu. Kuandika kumbukumbu kunategemea ruhusa ya jaji, na katika kesi za jinai Texas wajumbe hawaruhusiwi kuwauliza mashahidi maswali. Siku zote hizo hutaruhusiwa kuizungumzia kesi na mtu yeyote, hata mumeo chumbani, wala kuisaka kwenye intaneti, wala kwenda kupatazama mahali palipotokea tukio. Katazo hili ndilo linalovunjwa kwa urahisi zaidi siku hizi, kwa sababu simu iko mkononi na mtu anadhani anatafuta ukweli. Lakini unachokisoma peke yako usiku hakijadodoswa na yeyote, na mshtakiwa hana nafasi ya kukijibu.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wasema Kiswahili hasa. Houston ina watu wengi wa Afrika Mashariki na Kongo, kwa hiyo si ajabu shahidi akatoa ushahidi wake kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Mtaelekezwa kwamba ushahidi ni ule wa Kiingereza unaotoka kinywani mwa mkalimani, si ule ulioingia sikioni mwako. Mwaka 1991, katika kesi ya Hernandez dhidi ya New York, Mahakama ya Juu ilikubali mwendesha mashtaka kuwakata wajumbe waliosema Kihispania kwa kuwa walisitasita walipoulizwa kama wataipokea tafsiri ya mkalimani. Tuseme shahidi anasema alimwona mshtakiwa saa mbili usiku, na mkalimani anasema saa nane za usiku. Kesi nzima inaweza kugeukia hapo. Usiwanong'oneze wenzako kile ulichosikia, na usisubiri mpaka chumba cha majadiliano. Andika karatasi fupi kwa jaji, umkabidhi askari wa mahakama, na jaji ataamua na mawakili jinsi ya kulishughulikia.

Sasa niikabili hofu yako. Wewe unadhani unaitwa kugundua kilichotokea. Ingekuwa hivyo, ningekuambia ukimbie, kwa sababu hakuna binadamu awezaye kuyajua yote yaliyotokea kati ya watu wawili uchochoroni. Unaitwa kufanya kazi ndogo zaidi na iliyo wazi zaidi: kusema kama serikali, iliyomshtaki mtu huyu, imethibitisha kila kipengele cha kosa pasipo kuacha shaka ya msingi. Ulipokuwa madrasa ulifundishwa kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Msingi wenyewe ni huo. Mshtakiwa haleti chochote. Akinyamaza kesi nzima, ukimya wake hauwi ushahidi dhidi yake, kwa sababu Rekebisho la 5 la Katiba linamlinda, na mtaambiwa msiuzungumzie hata mkiwa peke yenu. Jaji wa Texas kwa kawaida hatawapimia shaka hiyo kwa maneno, ataiacha kwenu. Ninavyoielewa mimi, shaka hiyo ni ile unayoweza kuieleza kwa kuonyesha pengo fulani kwenye ushahidi, si wasiwasi tu wa kwamba lolote linawezekana duniani. Kwa hiyo mtu mnayemwachia huru si lazima mmeamini hakufanya. Mmesema tu kwamba haikuthibitishwa. Ukilishika hilo, utaona kwamba mfumo wenyewe umejengwa juu ya hofu uliyonayo, ukaiweka upande wa mshtakiwa. Kesi za madai ziko mbali na hapo: humo inatosha upande mmoja uwe na uzito zaidi ya mwingine, na katika mahakama za wilaya za Texas wajumbe 10 kati ya 12 wanaweza kutoa uamuzi.

Katika jinai lazima wote 12 mkubaliane. Mahakama ya Juu ililisema hilo kwa majimbo yote mwaka 2020, katika kesi ya Ramos dhidi ya Louisiana. Jaji atawasomea maelekezo ya sheria, mawakili watatoa majumuisho yao, kisha mtafungiwa chumbani, mchague kiongozi, na mjadili. Nakuonya juu ya malezi yetu. Tumekuzwa kutombishia mtu mzima, na ndani ya chumba hicho kutakuwa na mzee wa miaka 70 mwenye sauti kubwa na uhakika mwingi. Mpe heshima yake yote, msikilize mpaka mwisho, kisha sema unachokiona, kwa sababu kura yake na yako ni sawa, na ukiinamisha kichwa kwa adabu utakuwa umempa yeye kura mbili. Badilisha mawazo ukishawishika, na usibadilishe kwa kuchoka au kwa sababu ni saa kumi na moja jioni na watoto wanasubiri. Mkibishana juu ya alichosema shahidi fulani, mnaweza kuomba kwa maandishi msomewe sehemu hiyo. Mkishindwa kabisa kukubaliana, jaji ataivunja juri na serikali itaamua kama itaanza upya. Hilo si kosa la mtu.

Texas ina jambo ambalo majimbo mengi hayana: mshtakiwa anaweza kuchagua kwamba, akitiwa hatiani, adhabu ipangwe na juri badala ya jaji. Ikitokea hivyo kutakuwa na sehemu ya pili ya kesi, yenye mashahidi wake, na mtapewa kiwango cha chini na cha juu. Sehemu hii huwachosha watu kuliko ya kwanza, na ni vyema ujue kwamba inaweza kuwepo.

Kuhusu usalama: anwani yako, namba ya simu na taarifa nyingine binafsi ulizojaza ni siri kwa sheria ya Texas. Visa vya kulipiziwa ni vichache sana, lakini mtu akikusogelea korido, akikutazama kwa vitisho au akikufuata kwenye maegesho, usimjibu na usiwaambie wajumbe wenzako. Mwambie askari wa mahakama papo hapo. Wala hutashtakiwa kwa sababu ya uamuzi wako. Mwaka 1670 kule London wajumbe walifungwa kwa kukataa kumtia hatiani mhubiri mmoja aitwaye William Penn, na Jaji Mkuu Vaughan akaamua kwamba mjumbe wa juri haadhibiwi kwa uamuzi alioutoa. Sheria ya Marekani imerithi msimamo huo.

Uamuzi ukishasomwa, huenda mkaulizwa mmoja mmoja kama ndio wenu, kisha mtaachiliwa. Mawakili wanaweza kukungoja nje wakitaka kujua mlivyofikiri. Kuzungumza nao ni hiari yako na kukataa pia ni hiari yako. Baadhi ya kesi zina picha za maiti au ushahidi wa watoto walioumizwa, na wapo watu ambao picha hizo haziwaachi kwa miezi. Ikiwa unajua mapema kwamba huwezi kuvumilia ushahidi wa aina hiyo, pengine kwa sababu ya yaliyokupata wewe mwenyewe, sema wakati wa maswali. Na kama utakaa kwenye kesi ya namna hiyo kisha usingizi ukakosekana au ukajikuta unawakaripia watoto bila sababu, muulize karani kama mahakama ina mshauri nasaha kwa wajumbe, na kama hayupo, nenda kwa daktari wako ukamweleze wazi ulichokiona, kwa kuwa kesi ikiisha marufuku ya kuizungumzia nayo huwa imekwisha.